Pini Mdomoni

Siku Shemeji alipobadilisha rangi za nyuzi, Kichwa alikuwa na pini tatu mdomoni. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, ila asubuhi ile hakuna aliyeliona hilo, maana kwenye kibanda cha dobi mtu mwenye pini mdomoni ni kitu cha kawaida kama sabuni. Unazibana kwa meno, unapima pindo la suruali kwa vidole, unachomoa moja unachoma, unachomoa nyingine. Anayekusemesha unamjibu kwa kutikisa kichwa.

"Sikia, Kichwa," alisema Shemeji, mume wa dada yake, amesimama mlangoni na helmeti kwapani, ufunguo wa pikipiki tayari unazunguka kidoleni. "Kuanzia leo rangi ya uzi si siku tena. Rangi ni njia. Nyekundu ni nyumba za mlimani, bluu ni za bondeni, nyeupe ni wale wanaokuja kuchukua wenyewe. Vifundo ni nyumba. Zote zilizotundikwa nimeshazibadilisha jana. Umenipata? Halafu shati la Mwalimu lisitiwe wanga, anasema lile la juzi lilimkata shingo. Na yule mama wa msiba, wa nyumba ya pili mlimani, leo atakuja mwenyewe mchana kuchukua suti ya mumewe, uzi wake nimeuacha mwekundu, isikunjwe. Sawa?"

Kichwa akatikisa kichwa. Pini nazo zikatikisika.

"Sawa," Shemeji akajijibu mwenyewe, akawasha pikipiki, huyoo.

Kwenye kibanda kile hakuna karatasi. Mama, ambaye amefua nguo za watu tangu mikono yake ilipokuwa laini, ana msemo wake anaoupenda kuliko kanga zake: "Karatasi hulowa, kichwa hakilowi." Kila nguo inashonewa uzi mdogo ndani ya kola. Rangi ya uzi inasema nguo iliingia siku gani, vifundo vinasema mwenyewe alikuwa wa ngapi siku hiyo. Nyekundu ni Jumatatu. Imekuwa Jumatatu miaka yote. Yaliyobaki yalikaa kichwani mwa kijana wake wa kiume, na wateja walikuwa wakileta wageni waje waone: unaingia, hujamaliza salamu, nguo zako zipo kaunta, na unaambiwa kifungo cha tatu kilikuwa kinalegea kikashonwa. Ndipo akaitwa Kichwa.

Mwaka jana akaugua ule ugonjwa ambao nyumbani unaitwa "ile hali." Alikaa hospitali, akarudi, sauti zikanyamaza. Jina likabaki. Kilichokuwa ndani yake ndicho hakikurudi chote.

Sista wa kliniki alimpima kwa karata. Panga, akamwambia, lakini hakusema apange vipi. Kichwa akapanga kwa rangi, Sista akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mara akaanza kusema hapana. Alikuwa amebadilisha sheria kimyakimya, sasa anataka zipangwe kwa maumbo. Kichwa aliliona hilo. Aliliona kabisa. Lakini mkono ukang'ang'ania rangi, hapana, rangi, hapana, kama mbuzi anayerudi kila jioni kwenye banda lililokwisha bomolewa, mpaka jasho likamtiririka mgongoni.

"Huo si ujinga," Sista alimwambia. "Dawa inanyamazisha sauti. Lakini kichwani kuna meza, na ya kwako sasa ni ndogo. Ukiweka pasi, sabuni inaanguka. Weka kimoja, ukitoe, ndipo uweke kingine. Na ukiona vitu vimeanza kukusemesha, sema nyumbani mapema, usingoje."

Nyumbani walisikia, wakaitikia. Kisha wiki iliyopita wakakaa, wakazungumza mbele yake kama vile ni kabati. Kichwa alikuwa amemfungia mhasibu sidiria ya mke wa mchungaji pamoja na mashati yake, ikazuka kesi mpaka barabarani. Shemeji akasema akikosea tena kosa la kuaibisha, aende shamba kwa Mjomba. Kwa Mjomba kuna hewa nzuri, alisema. Kwa Mjomba kuna komeo upande wa nje wa mlango, Kichwa alijua, maana ameshalala ndani ya mlango huo. Dada alitazama chini. Mama akasema, "Haya. Akikosea tena."

Basi asubuhi hiyo, pini zilipoisha mdomoni, Kichwa akaanza kuimba kimoyomoyo. Rangi ni njia. Rangi ni njia. Na ilikwenda. Alitoa shuka za mlimani, akatoa magauni ya bondeni, hata shati la Mwalimu alilinyoosha bila wanga, laini kama sikio la paka. Dada, aliyekuwa anapiga pasi meza ya pili, akamtupia jicho, akatabasamu.

"Leo uko vizuri."

"Usinisemeshe," Kichwa alimjibu. "Nimebeba."

*

Dalali wa nyumba aliingia kama anavyoingia kila mahali, tumbo kwanza. Ni mtu mfupi, wa maneno mengi, anaongea kana kwamba hata hewa unayovuta anakupangisha.

"Kichwa wangu, kichwa cha dhahabu. Suti yangu nyeusi, ile ya Jumatatu, chapuchapu, kuna watu wananisubiri wana pesa na hawana subira. Hizi nilizovaa navua hapa hapa, mtazifua. Nakwenda ile nyumba ya geti la rangi mbichi, mafundi walinichelewesha, hata halijakauka. Mbona umesimama kama nguzo ya umeme?"

Wakati huohuo Mama kutoka uani: "Kichwa, lete wanga." Mwanamke mmoja kaunta amekunjua shuka: "Hili doa mbona lipo? Nililipa doa liondoke au lihamie katikati?" Redio inatangaza mpira. Simu ya Dada inalia kando ya pasi.

Jumatatu. Lile neno liliingia kichwani mwa Kichwa kama mwenye nyumba anayerudi safari. Likamkuta "rangi ni njia" amekaa kwenye kiti chake, likamwambia ondoka. Mkono ukaenda wenyewe. Jumatatu, nyekundu. Dalali alikuwa wa pili, vifundo viwili. Suti nyeusi. Ipo, nyekundu, vifundo viwili. Akaishusha.

Dalali alivalia nyuma ya pazia, akatoka anavuta mikono ya koti.

"Mbona ndefu? Mmeinyonga na pasi mpaka imerefuka?" Akacheka mwenyewe, akakunja pindo za suruali mara mbili, akaacha nguo alizovua kwenye mfuko, akaenda.

Kichwa akapeleka wanga uani. Alihisi kuna kitu kimedondoka mahali fulani, lakini alipotazama sakafuni palikuwa safi.

*

Mjane alifika kabla ya mchana. Mwanamke mrefu kidogo, mkavu, kitambaa cheusi kichwani, anaongea kwa upole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Shemeji naye ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka mlimani, anafuta helmeti.

"Nimefuata suti," Mjane alisema. "Wanasubiri kumvika."

Dada akampa suti nyeusi iliyobaki. Mjane akaishika mabegani, akaiinua juu, mikono yake ikaenda yenyewe mpaka kimo ilichokizoea. Suti ikaning'inia hapo, pindo likiishia pasipotakiwa. Akaitazama muda.

"Huyu si mume wangu."

"Mama, samahani, hiyo ni suti tu, labda..."

"Najua ni suti, mwanangu. Mume wangu nilimfunga tai nimesimama kwa ncha za vidole. Huyu ningemfunga nimekaa."

Shemeji akageuza kola. Uzi mweupe. Alipandisha macho polepole.

"Nyekundu ya vifundo viwili katoa nani?"

Wote wakajibu bila mdomo, maana wote walimtazama mmoja.

Muuza vocha wa kibanda cha jirani alikuwa ameshachungulia, yeye na shingo yake. "Leo tena," alisema. "Kichwa maji kimemwagika."

"Ulimpa nani?" Shemeji alimsogelea Kichwa. "Alikuja nani? Alikuja kabla ya Mwalimu au baada? Kavaa au kabeba? Kaelekea wapi? Alisema anarudi? Si nilikwambia asubuhi, nikakwambia na wewe ukakubali?"

"Baba, polepole," Dada alimwambia mumewe.

"Polepole wakati maiti yuko uchi?"

Mjane akafumba macho, akafumbua. Mama alitoka uani na povu mpaka kwenye viwiko, akasimama tu. Maswali yalikuwa yanatua mezani kichwani mwa Kichwa na kuangukia upande wa pili, hakuna hata moja lililokaa. Yule mtu alikuwa na sura, alikuwa na tumbo, alisema kitu. Alisema. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kimebaki ukingoni, kinayumba.

"Rangi," alisema Kichwa.

"Achana na rangi. Nakuuliza mtu."

"Rangi."

"Mnaona?" Shemeji aliwageukia wanawake, na sauti yake haikuwa ya ukali tena, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Kimeganda. Tangu nimerudi midomo inacheza, rangi, rangi. Mama, mimi simchukii, lakini mnaona wenyewe. Tulikubaliana."

Kichwa alisikia komeo. Hakulisikia masikioni, zile sauti zilishaondoka. Alilisikia kwenye magoti, jinsi chuma kinavyoteleza kikagonga ukuta. Akashika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili.

"Niulizeni swali moja," alisema. "Moja tu. Na redio izimwe."

Walitazamana. Dada ndiye aliyenyoosha mkono, redio ikanyamaza katikati ya goli. Akaja upande wa pili wa kaunta, akasimama mbele yake kama mteja.

"Rangi ya nini?" aliuliza. Basi.

Kichwa alisubiri. Kuna mambo yanakuja kama kuku, ukiyakimbiza yanakimbia.

"Ya geti," alisema. "Rangi mbichi. Haijakauka. Nyumba ya geti la rangi mbichi. Dalali."

Shemeji alifungua mdomo. Dada akaipiga kaunta kwa kiganja. "Ile ya juu kule, geti la kijani. Wale mafundi nimewapita jana."

Wakapiga simu ya Dalali. Haipatikani. Mjane alivuta kigoda, akakaa, mkoba magotini.

"Nendeni," alisema. "Yeye hana haraka. Wenye haraka ni sisi."

"Twende naye huyu," Shemeji alisema, anavaa helmeti, "akaseme kwa mdomo wake alichofanya."

Kabla ya kupanda, Kichwa alikata kipande cha uzi mwekundu, akajifunga kidoleni. Suti. Kimoja tu. Suti.

*

Shemeji akiendesha pikipiki anaongea na upepo unabeba nusu ya maneno. "Sikia. Usiseme habari ya maiti. Huyo mtu atatupigia kelele mji mzima usikie, hatutapata hata soksi ya kufua. Sema dawa ya madoa imemwagikia ndani ya koti, inaunguza ngozi. Mimi nitaanza. Nikikukonyeza, unasema 'inaunguza.' Nikikohoa, unanyamaza. Akiuliza dawa gani, unasema jina limekutoka. Umenipata?"

Kichwa alitazama kidole chake. Uongo unataka meza kubwa, aliwaza. Unaweka la kweli huku, la uongo kule, na katikati unaweka nani anajua lipi. Yeye alikuwa na nafasi ya suti.

Geti la kijani lilikuwa wazi. Dalali alikuwa jikoni na bwana na bibi waliovaa viatu vya watu wasiotembea kwa miguu. Alikuwa anaonyesha dirisha, na kila aliponyoosha mkono, ilitokea ncha ya kidole tu kutoka kwenye mkono wa koti.

"Hapa, mama, ukikaanga huku, harufu inatokea kule. Jirani ndiye atakayeshiba."

Alipowaona madobi mlangoni akakunja uso. Shemeji akamsalimia mara tatu, akakonyeza, akakohoa, vyote pamoja. Kichwa hakuelewa ni lipi.

"Shikamoo," alisema. "Suti uliyovaa ni ya mtu. Anazikwa leo. Mimi ndiye niliyekosea."

Bwana na bibi wakageuka kutoka dirishani.

"Anazikwa," Dalali alisema.

"Ndiyo."

"Leo."

"Ndiyo."

"Na suti hii."

"Ndiyo, mzee. Wanasubiri kumvika."

Dalali alijitazama kifuani, akatazama mikono iliyomeza vidole vyake. "Sasa mimi," alianza. "Mimi nimo ndani yake."

Yule bibi alirudi nyuma hatua moja, taratibu, kama mtu anayempisha mtu mwingine apite. Bwana akasafisha koo. "Tutakupigia," alisema, na viatu vyao vikasikika vikishuka ngazi haraka kuliko vilivyopanda.

Hapo Dalali akaanza kuivua, anaivua kama ina siafu. "Nilisema ndefu. Sikusema ndefu? Nikadhani nimepungua. Mke wangu asubuhi kaniambia umepungua, nikafurahi. Leteni yangu basi, leteni, nasimama hapa na chupi kama mtoto wa kuogeshwa."

Shemeji alichungulia dirishani, akaitazama siti ya pikipiki, akatazama mikono yake. Suti ya Dalali ilikuwa kaunta, walikoiacha.

"Nimeisahau," alisema.

Kichwa hakucheka. Alikuwa analitazama lile neno. Shemeji alilisema tu, nimeisahau, likatoka, likapita. Hakuna aliyemuuliza kama amemeza vidonge vyake. Neno jepesi, halina hospitali ndani.

Mwishowe Dalali alivaa koti la mvua la Shemeji, la nailoni, refu mpaka kwenye mashavu ya miguu. Jua lilikuwa linawaka. Aliwasindikiza mpaka getini akisema atawashtaki, kisha akasimama, akashusha sauti. "Marehemu alikuwa mtu mzuri?" Kichwa akasema hajui. "Mwambieni mjane pole," Dalali akasema. "Mwambieni sikuikalia."

Hakuikalia. Lakini aliliegemea geti. Kichwa alipoikunjua suti kwenye mikono yake aliliona, mgongoni mwa koti, bega la kulia: doa la kijani, pana kama kiganja.

*

Njiani kurudi ndipo nyekundu zilipoanza.

Uzi kidoleni ulikuwa mwekundu. Sawa, aliufunga mwenyewe. Taa ya lori mbele ikawaka nyekundu, mbili. Vifundo viwili. Pipa la maji juu ya paa, jekundu. Mwanamke anavuka, ndoo nyekundu, ya pili mkononi. Kichwa alijua kwamba ndoo ni ndoo. Lakini zilikuwa zinajipanga. Zinajipanga kama watu wanaojiandaa kukuambia jambo, wanakohoa kwanza. Akafumba macho na kuikumbatia suti ya mtu, na helmeti ya Shemeji mbele yake ilikuwa nyeusi, akashukuru kwa hilo.

Njia hii, ya vitu kuanza kujipanga, aliijua. Mwaka jana aliifuata kimyakimya mpaka mwisho wake.

*

"Mgongoni," Mjane alisema, alipoonyeshwa doa. Alilishika kwa kidole. "Atalala juu yake. Nani atamgeuza?"

"Mama, tunaweza kulitoa," Kichwa alisema.

"Usiguse wewe," Shemeji alisema. "Umeshagusa vya kutosha leo."

"Mwache," Mjane alisema bila kumtazama. "Aliyempoteza ndiye amrudishe."

Kichwa akatandika koti mezani. Alitoa kwanza kila kitu juu ya ile meza, pasi, pini, bakuli la wanga, vyote chini. Ikabaki suti. Kitambaa safi chini ya doa. Tapentaini kwenye pamba. Kugonga, siyo kusugua, ukisugua unailisha nguo rangi. Pamba ikawa kijani, akaitupa, akachukua nyingine. Muuza vocha alikuwa bado anachungulia, akaenda zake. Kijani kikafifia, kikawa kivuli. Kivuli hakikuondoka. Kichwa aligonga mpaka Dada akamshika mkono.

"Hapo ndipo mwisho wake," alisema Kichwa. "Samahani, mama. Halikutoka lote."

Mjane aliinua suti. Mikono yake ikapanda, na safari hii pindo likafika lilipotakiwa. Akaileta usoni.

"Ananukia rangi," alisema. "Siku tulipopaka nyumba alinukia hivi hivi, nikamfukuza alale sebuleni." Alisimama hivyo, uso ndani ya koti. Kisha akaitandika kwenye mkono wake, akavuta kitambaa vizuri kichwani. "Haya. Twende tukakuvike."

Alikuwa hasemi nao.

*

Alipoondoka, Shemeji alikaa kwenye kigoda kile kile, akaegemeza kichwa ukutani.

"Mama. Makubaliano ni makubaliano. Kesho nitampeleka mwenyewe kwa Mjomba, wala si kwa ubaya. Mimi nilimwambia. Nilisimama pale mlangoni nikamwambia, na alikubali. Alitikisa kichwa."

Mama alikuwa anafuta povu lililokauka kwenye mikono. "Alikuwa anafanya nini ulipomwambia?"

"Anapunguza suruali."

"Na pini ziko wapi?"

Shemeji akainua kichwa kutoka ukutani. "Mdomoni."

"Sasa ulitaka akukatalie kwa pua?"

Dada akaguna, akageukia ukuta, mabega yakamtikisika. Hata Shemeji mdomo ulimchezacheza. Kichwa aliona mlango unafunguka kidogo, mlango usio na komeo, na alijua angeweza kupita hapo, akae kimya, iishe. Alifungua uzi kidoleni, akauweka mezani.

"Kuna lingine," alisema. "Nyekundu zimeanza kunifuata. Njiani. Hazijasema kitu. Lakini zinajipanga."

Kicheko kikafa.

"Mnasikia?" Shemeji alisema, polepole. "Si mimi ninayesema. Ni yeye."

"Ndiyo, ni yeye," Dada alisema, akageuka, macho yamelowa kwa kicheko au kwa lingine. "Mwaka jana alituambia? Tulimwokota barabarani bila viatu, hakuna aliyejua chochote. Leo kasema mwenyewe, hata hatujamuuliza, na wewe unataka kumfungia kwa hilo? Akifungwa kwa kusema, kesho atasema nini?"

Shemeji alikuwa anazungusha ufunguo, safari hii taratibu.

"Kesho kliniki," Mama alisema. "Dada yako atakupeleka. Kwa Mjomba hakuna kliniki." Akaokota bakuli la wanga sakafuni, akaliweka mezani, akalitoa tena. "Na kaunta atakaa dada yako. Wewe utashona nyuzi. Kushona tu."

Hilo lilimchoma. Kaunta ilikuwa yake, watu walileta wageni waje waone. Ni kama kutolewa kwenye kiti ukapewa kigoda, tena mbele ya watu. Alitaka kusema ataweza, kesho ataweza, lakini pamba za kijani zilikuwa pale chini miguuni.

"Sawa, mama," alisema.

"Karatasi hulowa," Mama alianza, kwa mazoea, kisha akaona wote wanamtazama. Hakumalizia. Akaenda uani.

*

Kliniki walimwongezea dawa. Mdomo ulimkauka, mikono ikawa mizito, na nyekundu moja moja zikarudi kuwa ndoo. Watu wa mtaani walipata la kucheka wiki nzima, muuza vocha kila akimwona Dalali anamuuliza habari za kuzimu. Dalali alihamishia nguo zake kwa dobi mwingine, akarudi baada ya siku chache, anasema yule dobi wanga wake unanuka.

Asubuhi moja Kichwa alikuwa meza ya nyuma, anapunguza sketi za sare kabla ya kuzishonea nyuzi, ndipo Shemeji aliposimama mlangoni, helmeti kwapani, ufunguo unazunguka.

"Sikia, Kichwa. Zile nyeupe tunaziondoa, wanaokuja wenyewe wawe njano, halafu mashuka ya..."

Kichwa aliinua mkono. Akachomoa pini moja mdomoni, akaiweka mezani. Akachomoa ya pili, akaiweka kando ya ya kwanza. Ya tatu. Akafuta midomo. Dada kule kaunta aliacha kupiga pasi.

"Sasa sema," alisema Kichwa. "La kwanza."

Shemeji alifungua mdomo, akaufunga. Ufunguo ukaacha kuzunguka. Alitazama juu, akatazama barabarani, na ilionekana wazi kwamba hajui la kwanza ni lipi.

Kichwa akangoja.